Aliyekuwa Akipokea Simu ya Mama Mdogo

Haya yalimpata mama yangu mdogo, Mwanahija, na mimi nilikuwapo.

Jumamosi moja nilikwenda kwake Dunda kumsaidia kufua mapazia. Anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Hija, mwanawe wa pekee, yuko Mtwara kikazi. Tulipomaliza kuanika, akanipa simu aliyonunuliwa na Hija.

"Tabia mwanangu, hebu itazame. Inaganda. Nikimpigia Hija haiendi, na yeye hanipigii tena. Nadhani amenichoka."

Alisema hivyo huku akikunja kanga iliyokwisha kunjwa.

Simu ilikuwa ya moto. Kumbe kila mchana huichaji chumbani, chini ya mto, isionwe na wapita dirishani. Mwenyewe hushinda uani, jikoni.

Tukaipeleka kwa Alawi, fundi simu wa karibu na soko. Aliamkia, akaipapasa mgongoni, akakunja uso.

"Mama, betri imevimba hii. Usichaji tena chini ya mto, joto halina pa kutokea, ipo siku itawaka. Na memori imejaa, ndiyo maana inaganda."

Akafuta video zilizojazana, akaweka betri mpya, akatuwekea na namba ya siri. Simu ikawa nyepesi.

"Ila upunguze na maongezi, mama. Simu hii inaongea mchana kutwa."

"Inaongea na nani?"

Kabla Alawi hajajibu, ikaita. Hija. Nikapokea, nikaweka spika.

"Shikamoo mama. Mbona jana umekata ghafla?"

"Hija, ni mimi, Tabia. Mama tuko naye hapa."

"Afadhali. Hebu nisaidie kumbembeleza. Kila siku tunaongea vizuri, lakini nikitaja kuja tu, anakasirika. Jana kanikataza hata kuja sikukuu ya Idi. Ati hana upweke, ana mwenzake."

Mama mdogo alishika ukingo wa meza.

"Hija," akanong'ona. "Sijaisikia sauti yako tangu mvua za vuli."

"Tabia," Hija akauliza, "huyo ni nani?"

Sitausahau uso wa mama mdogo. Ilibidi ajieleze kwa mwanawe mwenyewe. Akamtajia kovu la pajani, akamtajia jina alilokuwa akimwita alipokuwa ananyonya, jina ambalo hata mimi sikulijua. Ndipo tukasikia mtu mzima akilia huko Mtwara.

"Nakuja, mama. Nakuja."

Tulirudi nyumbani alasiri, jua bado kali. Simu ilikuwa mkononi mwake. Nikatia ufunguo mlangoni.

Ndani kulikuwa na mtu anaongea.

Sauti ilitoka chumbani. Ya chini, ya upole. Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Kikohozi chake. Namna yake ya kuvuta maneno.

"Usije, mwanangu. Mimi sijambo. Usije."

Nilimvuta mkono tukimbie. Akautoa mkono wake taratibu. Akaingia. Mimi nikabaki sebuleni.

Nilimsikia akisukuma mlango wa chumba. Sauti ikakatika.

"Mwanangu anakuja," akasema mama mdogo. "Umesikia? Anakuja kunichukua."

Kisha mtu akaanza kulia mle chumbani, kidogokidogo, kama anayejizuia. Nikadhani ni yeye. Lakini mama mdogo alikuwa amekwisha toka, amesimama mbele yangu, macho makavu.

Kilio kiliendelea nyuma yake.

Tulilala kwa jirani, Bi Esha. Hija alifika kabla wiki haijaisha. Alimkumbatia mamake barazani, akakataa kukanyaga ndani. Sasa wanaishi wote Mtwara. Simu haigandi, na kila nikipiga, mama mdogo huniuliza kwanza jina la bibi yetu. Nami humwuliza la bibi yake. Ndipo tunasalimiana.

Mwezi uliopita nilikwenda kutoa vyombo, maana nyumba inapangishwa. Nilipokisogeza kitanda, nikaona ukuta wa nyuma yake una alama ya mafuta, pana, inayong'aa, kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi sakafuni. Ukuta umelika pale, kama ulioegemewa miaka.

Kwenye mafuta yale kulinata nywele. Nyeupe, ndefu kupita mkono wangu.

Mama mdogo nywele zake ni fupi, na hazikosi hina.