Nyanchera Alishukia Kendu Bay

— Nyanchera, acha kulia, tazama kule! Furukombe!

Tai mwenye kichwa cheupe alishuka kasi, akanyakua samaki ubavuni mwa meli, akapaa. Shakwe wakamfuata kwa makelele, abiria wakashangilia. Mwalimu Mogire alikuwa amemwahidi Nyanchera kumwonyesha ndege hawa tangu walipoanza kupendana, na leo, mwaka wa 1968, walikuwa wanatoroka kutoka Homa Bay kwenda Kisumu wakaoane. Lakini wapi! Mchumba hata shingo hakuinua.

— Unamwogopa mzee Angwenyi? Baba yako atamrudishia ng'ombe zake.

— Atazitoa wapi? Ng'ombe zangu ndizo zilizomwoa Bitutu.

Mogire alielewa. Mkisii haelezwi jambo hilo mara mbili. Mahari ya Nyanchera ndiyo kaka yake Machogu aliyoiswaga hadi kwa kina Bitutu. Angwenyi akidai mifugo yake, ndoa ya Machogu imekwisha.

— Bitutu anajua umetoroka?

— Ndiye aliyenibebea kikapu hadi barabarani Suneka, mtoto mgongoni. Akaniambia, "Wifi, nenda na umpendaye. Mimi nitarudi kwetu."

— Na mtoto?

— Mtoto ni wa Machogu, atabaki. Bado ananyonya, Mogire!

— Nitafanya kazi. Nitanunua ng'ombe.

— Lini? Angwenyi anakuja Jumapili.

Honi ikalia. Kendu Bay, kituo cha njiani. Nyanchera akashika kikapu chake.

— Nakupenda, mwalimu. Lakini usishuke nami, tafadhali. Ukishuka sitaweza kurudi.

Mogire akabaki ameshikilia chuma cha ukingoni, mwanamume mzima analia mbele za watu. Mapenzi yanauma, jamani, asikudanganye mtu. Furukombe mwingine alilia juu ya gati, na mara hii Nyanchera, akiwa ameshashuka, aliinua macho, akamtazama mpaka ndege akapotea.

Jioni lori lilimshusha Nyanchera Suneka. Bitutu alikuwa palepale alipomwacha asubuhi, ameketi mbele ya duka, mtoto kifuani. Siku nzima alikuwa ameogopa kwenda nyumbani.

— Nyasae, Mungu wangu! Wifi, umesahau nini?

— Wewe.

Wakakumbatiana hapo barabarani, mtoto katikati, wasijali nani anawatazama.

Jumapili mzee Angwenyi alikuja kumchukua mke wake. Nyanchera alitoka nyumbani kwao macho makavu. Aliyelia mpaka akashikwa na wanawake wenzake ni Bitutu.