Mwenzake Mjomba

Haya yalimpata mjomba wangu, kaka yake mama, na siku yalipokwisha nilikuwepo nyumbani.

Mjomba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alianzia machimboni, akitengeneza ngazi za kushukia mashimoni pamoja na mwenzake tuliyemjua kwa jina la Swahiba. Walikuwa chanda na pete. Mchana mmoja shimo likaporomoka wakiwa ndani. Mjomba akatoka bila hata mkwaruzo. Swahiba hakupatikana, si mwili, si kiatu. Wachimbaji wakaanza kunong'ona kwamba kamtoa mwenzake kafara. Mjomba akafungasha virago.

Akapata kazi kiwanda cha sukari. Siku moja mitambo imezimwa kwa matengenezo, akaingia ndani ya boila kuziba ufa. Alipotoka, msimamizi akamuuliza, "Mwenzako mbona hatoki?"

"Yupi? Niliingia peke yangu."

"Acha utani, fundi. Nimesikia nyundo mbili humo."

Wiki haikuisha, mjomba akaacha kazi.

Safari hii akaja kwenye matangi ya mafuta jirani na kwetu, ambako hakuna fundi aliyemfahamu, akawa anakaa nasi. Siku ya kwanza tu, mlinzi wa geti akamkabidhi kofia mbili ngumu.

"Moja yako. Nyingine ya huyo hapo nyuma yako."

Mama aliposikia hayo, akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Asubuhi moja, akimmiminia chai, akamnong'oneza, "Kaka, niambie kweli. Swahiba alikufaje?"

Mjomba akaweka kikombe chini taratibu.

"Nani kakwambia amekufa?"

Jumapili iliyofuata, tulipomaliza chakula cha mchana, aliingia chumbani kupumzika. Nilikuwa ukumbini. Nikamsikia akiongea. Nikasikia akijibiwa. Sauti nzito, ya chini, kama ya mtu mwenye vumbi kooni.

Nikakimbia kumwita mama.

Mama akagonga. Kimya. Akasukuma. Mlango wa chuma haukutikisika.

Jirani akaja na grenda, akaukata katikati. Tukachungulia. Kitanda kitupu. Nondo za dirisha nzima. Viatu vya mjomba chini ya kitanda.

Jirani alipoingia ndipo akaona kilichouzuia mlango. Ulikuwa umechomelewa kwenye fremu, juu mpaka chini, na mashine ya mjomba ilikuwa kazini kwake.

Umechomelewa kwa ndani.

Jirani akagusa mshono, akarudisha mkono upesi. Ulikuwa bado wa moto.