Mlango wa Upande wa Barabara

Asubuhi ile Ansbert alikuwa amekaa nyuma ya nyumba ananoa panga, na malori ya chakula cha wakimbizi yanapita mbele ya pua yake kwenda kambi ya Lukole. Vumbi likamjaa kinywani. Akatema, akageuka, akautazama ukuta wa nyuma wa nyumba yao kama mtu anayemtazama ng'ombe wa kununua.

Barabara ile ilikuwa mpya. Kabla wakimbizi hawajaja, upande ule wa Kasulo palikuwa pori tupu, ndiyo maana marehemu baba yake alijenga nyumba ikaupa mgongo, mlango ukatazama migomba. Sasa riziki ilikuwa inapita mgongoni. Madereva walishuka wakitafuta chai, wakazunguka nyumba nzima kama wezi, wakaishia kwa jirani.

"Mama Priscila," akamwita mkewe, Anneth. "Nyumba hii imekaa vibaya."

"Imekaa hivyo tangu sijaolewa."

"Nitaitoboa huku nyuma. Chumba cha magunia kiwe chumba cha chai."

Anneth akaacha kumenya ndizi. "Msubiri mama arudi."

"Mama akirudi atakuta chai imeshachemka."

Mama yake, Verediana, alikuwa amekwenda Biharamulo kwa binti yake Ernesta aliyejifungua, na angekaa huko miezi kadhaa. Nyumba ilikuwa yake. Chumba kile cha nyuma aliweka magunia na majembe, wala hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Ansbert hakuwahi kuuliza kwa nini. Yeye mwenyewe alilelewa kwa mjomba huko Biharamulo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akarudi Kasulo kijana mwenye ndevu. Mama yake alikuwa ndiye kitu pekee alichokiogopa na kukipenda kwa wakati mmoja. Alitaka kumshangaza.

Usidhani alikuwa mjinga. Wajinga nawajua, na nyumba walizoziharibu nazijua: wanabomoa mvua ikiwa imeshanukia, wanasimika miimo ya mti mbichi ikapinda kabla ya mavuno, wanatoboa ukuta bila kuegemeza paa, halafu paa linawaketia kichwani. Ansbert hakufanya hata moja. Alingoja kiangazi. Alikata mkaratusi mapema akauacha ukauke. Alichimba mfereji upande wa juu ili maji ya barabara yasiingie ndani. Alisimika nguzo za kubeba paa kabla hajagusa fito hata moja. Mambo yote ya ukuta aliyapanga. Kumuuliza mwenye ukuta ndiko hakupanga.

Fundi alimpata kambini, Mrundi mmoja aitwaye Ciza, mwenye mdomo uliofanya kazi kuliko mikono.

"Bosi, mimi Muyinga nimejenga nyumba ya padri," alisema. "Hii yako ni banda la kuku. Kabla ya jua kuzama utapita mlangoni."

Walikuwa wamekubaliana mlango ukae pembeni, karibu na kona. Ansbert alikwisha kuchora kwa mkaa. Ciza akaanza kugonga ukuta kwa kisigino cha sululu. Ngu. Ngu. Ngu. Katikati ya ukuta sauti ikabadilika.

"Bwana we! Hapa ni laini. Pana kiraka. Palishatobolewa hapa. Kwa nini tujichoshe kwenye kona?"

"Labda palikuwa na dirisha."

"Dirisha gani linaanzia magotini?" Ciza akabandua udongo. Chini yake fito zilikuwa za namna nyingine, nyembamba, zimechomekwa ovyo, hata majani hazikupukutwa. Yalikuwa bado yameshikilia, makavu, yamebanwa ndani ya udongo. "Huyu aliyeziba hapa alikuwa anakimbizwa," akasema, akacheka.

Ansbert naye akacheka. Mchoro wa mkaa ukaachwa. Kazi rahisi nani asiyeipenda?

Jirani yao, mzee Evaristi, alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yako anajua?"

"Nataka nimshangaze."

Evaristi akalitazama lile tundu. Mdomo wake ukafunguka, kisha ukajifunga. Alikuwa anajua. Wazee wote wa pale walikuwa wanajua, na hakuna aliyesema neno, maana watu wa namna hii huona heshima ni kunyamaza mpaka nyumba ya mwenzao iungue. Akaliweka jembe vizuri begani, akaenda. Tangu siku ile hakupita tena njia ile.

Mlango ukasimama. Chumba kikasiribwa, magunia yakasukumwa pembeni, mabenchi yakaingia, na chai ya maziwa ya Anneth ikawa na sifa mpaka Rusumo. Ansbert alitembea kifua mbele.

Kisha mlango ukaanza kufunguka.

Si usiku. Mchana, baada ya saa saba, jua likiwa juu ya bati na hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Ulifunguka polepole, ukakaa wazi kwa muda wa mtu kupita, ukarudi. Ansbert akasema ni bawaba. Akaweka komeo. Komeo likakutwa sakafuni.

Dereva mmoja mnene, mtu wa utani, akarudisha kikombe chake kikiwa bado nusu.

"Mama chai, yule kijana wenu ana kiburi. Kila nikija namsalimia, haitiki."

"Kijana gani?" akauliza Anneth.

"Huyo anayesimama pale kwenye magunia. Mrefu. Kichwa amekilaza begani, kama mtu anayesikiliza ukuta."

Anneth akageuka. Palikuwa na magunia tu. Dereva naye akageuka, akatazama, akaondoa kofia yake taratibu mezani. Hakumaliza chai. Lori lake halikusimama tena pale.

Ciza akaitwa aje aone bawaba. Alifika akijisifu toka barabarani. Asubuhi hiyo Anneth alikuwa amepaka sakafu samadi na udongo, bado mbichi, hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga. Wote watatu wakasimama kizingitini.

Palikuwa na alama.

Zilianzia mlangoni, zikaenda mpaka kwenye magunia. Hazikuwa na visigino. Hazikuwa na unyayo. Vidole tu, vya mguu wa kulia na wa kushoto, vimegusa na kuburura, vimegusa na kuburura, kama miguu ya mtu aliyening'inizwa.

Ciza akaacha kucheka. Akanong'ona, "Hapa alitoka nani?"

"Alitoka wapi?"

"Bosi, usinifanye mtoto. Hapa kwenye ukuta. Nani alitolewa hapa?" Hakungoja jibu. Alichukua sululu yake akaondoka bila kuaga, na kambini akawaambia watu kwamba huko Kasulo hajawahi kufika.

Ansbert akamtumia mama yake salamu kwa dereva aendaye Biharamulo: njoo upesi. Verediana akaja juu ya magunia ya mahindi, akashushwa barabarani, uso kwa uso na mlango mpya. Ansbert akamkimbilia.

"Shikamoo, mama."

Mama akaketi pale pale kwenye vumbi.

"Nani kakuonyesha hapo?"

"Hakuna. Fundi alikuta ni laini."

"Laini," mama akasema. "Laini!" Akafunika uso kwa viganja.

Akamwambia. Kaka yake Ansbert, Celestini, hakufa kwa homa kama alivyoambiwa. Alijinyonga ndani ya chumba kile. Na katika ukoo wao aliyejinyonga hapitishwi mlangoni, asije akaijua njia ya kurudi. Baba yao alitoboa ukuta wa nyuma, maiti ikatolewa kwa tundu, ikazikwa porini bila kilio, na tundu likazibwa siku hiyo hiyo kwa fito zenye majani. Ansbert, aliyekuwa mchanga, akapelekwa kwa mjomba ili asikue chini ya paa lile.

"Njia aliyotokea ndiyo uliyomwekea mlango," mama alisema. "Na bawaba ukamtilia."

"Nitaziba leo leo."

Ansbert alidhani mama atashukuru. Verediana alifuta machozi, akainuka, akaingia kwa mlango ule mpya. Akasimama katikati ya chumba. Akanusa, kama mama anavyomnusa mtoto aliyetoka kuoga.

"Usiguse," akasema. "Mwanangu amerudi nyumbani."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mzimu unaoogopwa na wote unaweza kufukuzwa. Unaopendwa, je?

Verediana akahamia chumba cha nyuma. Mabenchi yakatolewa. Akawa anapakua sahani mbili za ndizi na maharage, moja anaiweka kwenye magunia. Mchana, mlango ukifunguka, alisema, "Karibu, baba." Anneth alisikia akizungumza, akinyamaza kungoja jibu, akicheka. Sahani ya magunia ilirudi imejaa, lakini chakula kimepoteza ladha na chumvi, kama kimechemshwa kwa maji ya mvua. Sahani yake mwenyewe pia ilianza kurudi imejaa.

Akakonda. Mifupa ya mabega ikatokeza. Ansbert alimbembeleza kama mtoto.

"Mama, toka nje uote jua. Mjukuu wako anakuuliza."

"Nilimtoa kwa tundu kama takataka," mama akajibu. "Sikumlilia hata kidogo. Walinikataza. Wewe una mke, una mtoto. Yeye ana nani?"

"Una mimi pia."

Verediana akamtazama kwa huruma. Hapo Ansbert akaona. Kichwa cha mama yake kilikuwa kimeanza kulala begani.

Hakumwomba tena. Kesho yake asubuhi akakanda udongo. Akang'oa bawaba, akang'oa miimo, akachomeka fito, safari hii zilizopukutwa vizuri, zimefungwa vizuri. Alitaka mama yake tu, mzima, mkali, amgombeze kama zamani. Alikandika upande wa ndani akaulainisha kwa kiganja. Mama alikaa kwenye kigoda akimtazama. Hakupiga kelele. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha maua ya kijani, alichopewa na Ernesta, ambacho hakuwahi kukivaa tangu afike.

"Niache nimuage," akasema. "Maliza wewe huko nje."

Ansbert akamwambia mkewe akae kwenye mlango wa ndani wa kile chumba, mlango pekee uliobaki, asiondoke. Anneth akaketi hapo na ungo wa maharage. Jua lilikuwa kichwani. Ansbert akaenda upande wa barabara, akaanza kukandika tabaka la nje.

Anneth alimsikia mama mkwe akiimba kidogo. Kisha akinong'ona.

"Polepole. Wewe ni mrefu."

Anneth akaacha kuchambua maharage.

"Inama, mwanangu. Usijigonge."

Huko nje, kiganja cha Ansbert kilikuwa kinapita juu ya udongo. Anneth alikisikia. Sss. Sss. Kikasimama. Kisha Ansbert akaita, sauti yake si yake:

"Mama Priscila! Mama yuko huko?"

Anneth akasukuma mlango. Ungo ukaanguka.

Kigoda kilikuwepo. Sahani zilikuwepo. Chumba hakikuwa na dirisha, na hakuna mtu aliyempita mlangoni. Ukuta mpya ulikuwa mzima, laini, bado unang'aa kwa maji. Na katikati yake, juu kidogo ya magoti, ilitokeza pindo la kitenge cha maua ya kijani, kama nguo iliyobanwa na mlango.

Ansbert akaja mbio. Hakuuliza. Alilikamata pindo lile akavuta.

Likavutwa toka upande wa pili.

Si kwa nguvu. Taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto nguo yako anapokung'ang'ania ili uende zako. Akaliachia, akakimbilia sululu. Alipoinua kupiga, mkono ukamshika toka nyuma. Ni mzee Evaristi, aliyekuwa amesikia kelele.

"Ukifungua tena," Evaristi akanong'ona, "unajua atakayeingia ni yupi?"

Ansbert akamgeukia akamtukana. Akamtukana kwa siku ile ya tundu, kwa jembe lake begani, kwa mdomo wake uliofunguka ukajifunga. Mzee alipokea yote, macho chini. Lakini sululu haikupiga. Ikabaki juu, kisha ikashuka yenyewe, na Ansbert akaketi sakafuni akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Pori lilipekuliwa. Watu walikwenda mpaka kambini, wakauliza mpaka Biharamulo. Hakuna aliyemwona mwanamke mzee mwenye kitenge cha kijani. Wengine walisema alitoroka, na Anneth akaacha kubishana nao.

Pindo lile lilibaki ukutani. Udongo ukakauka ukalishika. Mwanzoni lilikuwa refu la kufuta uso. Masika yalipokwisha lilikuwa la kufuta mkono. Hakuna aliyelikata. Hakuna aliyelivuta. Lilipobaki ncha tu, Ansbert alihamisha familia yake kwenda Ntobeye, akafunga nyumba.

Kiangazi kilichofuata alirudi kuchukua bati. Aliingia chumba cha nyuma mchana, peke yake. Ukuta ulikuwa mtupu, hata tundu la sindano halikuwepo. Akajisikia mwepesi kidogo. Akatoka, akazunguka nyumba kufuata ngazi.

Upande wa barabara, juu kidogo ya magoti, ncha ya kitenge cha maua ya kijani ilikuwa imeanza kutokeza.