Mbuzi Waliotangulia

Siku ya soko mjini Wote, mwanamume mwenye akili zake havai suti nyeusi na viatu vya kung'aa. Kiilu alivaa. Alipoingia hotelini kwa Kalunde, vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini na tai nyekundu imemkaba shingo.

"Dada, mna uma?" akauliza.

Kalunde alikuwa na gauni la njano, leso kiunoni, mwiko mkononi. Akamwangalia toka juu mpaka chini. "Tuna mikono. Kwani wewe huna?"

Wateja wakaangua kicheko. Kiilu naye akacheka, na hapo Kalunde akaona mwanya kwenye meno yake ya juu. Moyo ukaruka. Moyo mjinga huo!

Kumbe alikuwa afisa wa itifaki wa Wizara ya Mambo ya Nje, yule anayepanga nani akae wapi na nani asalimiwe kwanza. Waziri wake alikuwa anawaleta mabalozi wa Ulaya kuona bwawa ambalo nchi zao zilikuwa zimelijenga karibu na mji. Alitaka wakubali kujenga na lingine, maana mvua ilikuwa imewakataa watu wa pale. Wageni hao walihitaji chakula cha mchana.

"Watakula muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe?"

"Watakula chochote utakachopika. Hata mimi."

"Wewe kwanza ujifunze kunawa."

Toka siku hiyo simu ya hoteli haikupoa.

"Wote? Nipeni mpishi wa mabalozi!"

"Mpishi ana kazi. Nani anasumbua?"

"Ni mimi, sukari yangu."

"Sukari imepanda bei, ujichunge."

"Kalu, kazi hii ya Waziri ikiisha nitakuja kwa baba yako."

"Nyinyi watu wa Nairobi hamkosi maneno."

Alijifanya hajali, lakini asubuhi hiyo alitia chumvi kwenye chai ya wateja badala ya sukari, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Wiki ya ugeni, Land Rover ya serikali ikaingia bomani kwa Mzee Mutunga, baba yake Kalunde, ikateremsha mbuzi watatu wanono. "Wametoka kwa Kiilu," dereva akasema, akaondoa gari.

Jamani, Ukambani mbuzi wa kijana wakiingia kwa baba wa msichana, nani atauliza wamefuata nini? Hiyo ni ntheo. Ni posa, na baba akichinja mmoja amekubali. Mzee Mutunga, mzee wa kanisa asiyecheka ovyo, alifungua zizi kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi Nthenya akapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya mto wakaitikia. Mbuzi mmoja akachinjwa, majirani wakala, maombi yakaombwa. Kalunde aliporudi kutoka kazini akakuta ameshachumbiwa. Aliudhika kidogo, mbona hakuulizwa yeye kwanza? Lakini furaha ilizidi.

Asubuhi simu ikalia.

"Mpenzi, wale mbuzi wa mabalozi walifika salama? Niliona zizi la baba yako ndilo zuri."

Kalunde akashika meza. "Mbuzi wa nani?"

"Wa karamu. Ni wa Mheshimiwa."

"Kiilu, mmoja ameliwa. Baba alijua ni ntheo."

Kiilu akacheka, akacheka kwelikweli! "Aiya! Kumbe nimeposa na sina habari? Waambie tu yalikuwa makosa."

"Njoo uwaambie mwenyewe." Akakata simu.

Baba yake alikuwa amewalisha majirani wote posa isiyokuwepo. Kalunde alilia, vitunguu vikasingiziwa. Kisha akafunga kilemba upya. Bwawa la pili ni maji ya watu, na yeye hangewanyima watu maji kwa sababu ya mwanamume. Mzee Mutunga naye, alipoambiwa, akatoa beberu wake kujaza pengo.

Siku ya karamu mabalozi walikula muthokoi wakaongeza. Kiilu alimfuata Kalunde kila alikogeuka.

"Kalu, tafadhali..."

"Afisa, yule balozi anaomba maji."

Waziri, mzee wa Kitaita mwenye kipara, akamwita Kalunde alipokuwa akimimina chai. "Binti yangu, mbona afisa wangu ana uso wa matanga?"

Kalunde akamweleza yote, Kiilu akiwa amesimama papo hapo. Waziri hakucheka.

"Kiilu, mimi kabla ya kuwaomba hawa bwawa, si nilienda Brussels mwenyewe? Si niliketi nao, nikanywa kahawa yao chungu? Uliona wapi nikitupa mzigo mlangoni kwa mtu, halafu nijifiche nyuma ya simu? Na ukimkosea rafiki, unamcheka?"

Kiilu akainamisha kichwa. Kesho yake akasafiri na Waziri kwenda Ulaya kwa mazungumzo.

Mji ukasema. Shangazi Nthenya akamletea jina la mwenye duka mmoja, mjane, mcha Mungu.

"Shangazi, siolewi kwa makosa, na siolewi kwa hasira."

Simu ililia, ikalia tena. Kalunde hakuishika. "Kama ana miguu, aje," akasema, akaendelea kutwanga.

Akaja. Ilikuwa siku ya soko tena. Alivaa shati tu, bila tai, vumbi mpaka magotini. Hakuulizia uma. Alinawa mikono, akasimama mbele yake.

"Nimetoka kwa baba yako. Nimemwomba msamaha mbele ya shangazi."

"Akasemaje?"

"Kwamba yule mbuzi alikuwa mtamu, lakini aibu haijamshuka kooni. Akaniambia aliyeumia zaidi yuko hotelini. Nilicheka na wewe unaumia. Nisamehe. Nakupenda, Kalunde. Siku ile mbuzi walitangulia, mimi nikabaki nyuma. Leo nimetangulia mimi."

"Na mbuzi wako wapi?"

"Sokoni na mjomba wangu Kivuva, juani. Nimemwambia asisogee mpaka wewe useme."

Wateja waliokuwa wanatafuna wakaacha. Kalunde akapakua sahani ya muthokoi, akaiweka mezani.

"Kula."

Kiilu akala kwa mkono, akamaliza yote, macho hayamtoki Kalunde. Kalunde akafuta mikono kwa leso, akaenda mlangoni, akapaza sauti mpaka wauza kunde wakageuka.

"Mjomba Kivuva! Leta mbuzi!"