Bomba la Bweni la Chini

Kila asubuhi wanafunzi wa bweni la chini walipanga foleni bombani, ndoo mkononi, mswaki mdomoni. Rais wa serikali ya wanafunzi aliwapita akiwa ameshaoga. Alipochaguliwa alihama bweni hilo, akaingia nyumba ya viongozi, yenye tangi lake, kama ilivyokuwa desturi ya chuo.

"Shikamoo, mheshimiwa!" alimtania mwanafunzi mmoja mcheshi. "Karibu uonje supu yetu!"

Wote wakaangua kicheko. Mdogo wake rais, aliyekuwa mwaka wa kwanza na akilala chumba kimoja na mcheshi huyo, hakucheka.

"Kaka, maji yananuka. Upepo ulibeba mfuniko wa tangi letu. Tulikuchagua utusemee."

"Nitalifikisha, mdogo wangu."

Akalifikisha kweli. Mlezi wa wanafunzi akamkalisha kwenye kiti laini. "Wakaguzi wanakuja, kijana wangu. Watulize wenzako kwanza."

Kijana akavimba kichwa. Jioni akasimama mbele ya wenzake, akatangaza: "Maji ni salama. Acheni maneno ya vijiweni."

Mdogo wake alimwamini, akaacha kuchemsha maji.

Mwezi haukuisha. Homa ya matumbo ililaza nusu ya bweni. Rais alimkuta mdogo wake wodini, midomo imekauka, mama yao akimpepea kwa kanga. Kitanda cha pili, alichokuwa amelazwa yule mcheshi, kilikuwa kimetandikwa upya.

"Amehamishwa?" aliuliza.

Mama alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulisema ni salama, kaka," mgonjwa alinong'ona. "Uliyaonja?"

Rais alirudi chuoni, akapanda juu ya tangi la bweni la chini. Njiwa waliooza walielea ndani. Akawaita wenzake, akasema kwa sauti iliyokatika: "Niliwadanganya. Sikuyaonja." Kisha wakaenda naye kwa mlezi, wala hawakubanduka mlangoni mpaka bomba likafungwa kwa muda, tangi likasuguliwa na kufunikwa.

Mdogo wake alipopata nafuu, mama alimwita kijana pembeni.

"Walikupa mdomo wao uwasemee, mwanangu. Wewe ukautumia kuwanyamazisha. Hilo utaishi nalo. Sasa rudi ukaishi nao, unywe wanachokunywa, ili siku nyingine usisubiri kuambiwa."

Akabeba godoro lake, akarudi bweni la chini. Asubuhi alipanga foleni, ndoo mkononi.

Hakuna aliyemtania.