Namba Sita za Chiriku

Kila asubuhi Chiriku alikunywa chai darasani. Darasa lenyewe lilikuwa meza ya chakula nyumbani kwao, na mwanafunzi alikuwa mama yake. Mama aliweka kompyuta kati ya chupa ya chai na sahani ya mkate, akamsikiliza mhadhiri aliyekuwa nchi nyingine kabisa. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa mifumo kwa njia ya mtandao, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

"Mama, ukichelewa darasani unachapwa?" Chiriku aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nakatwa alama. Inauma zaidi," mama alijibu.

Mama alikuwa mhandisi wa vifaa katika hospitali kubwa. Miaka miwili nyuma, umeme ulikatika mchana. Jenereta liliwaka vizuri, lakini kengele ya kuwaita wauguzi ilikuwa kwenye waya ambao jenereta haliufikii. Mgonjwa wa kitanda cha saba, fundi cherehani, alibonyeza kitufe na hakuna aliyemsikia. Alifariki kabla ya saa ya kuwatembelea wagonjwa.

Tangu siku ile, mara nyingi mama alisimamisha kijiko hewani, akainamisha kichwa kidogo.

"Unasikiliza nini, mama?"

"Kengele."

"Mimi sisikii kitu."

"Hata mimi," mama alisema, kisha akaendelea kula.

Siku moja alimweleza. "Kila fundi alisema kifaa chake ni kizima, na alisema kweli. Hakuna aliyetazama vyote kwa pamoja. Ndiyo maana nasoma."

Kwa utafiti wake wa mwisho, mama alichagua jokofu la chanjo la zahanati ya mtaani. Nesi alisoma kipimajoto chake kila asubuhi. Mama alihitaji pia vipimo vya saa kumi alasiri, na shule ya Chiriku ilitazamana na zahanati. Basi akampa daftari. Kwa wiki tatu, kila siku ya shule, Chiriku alipaswa kupita, kusoma namba na kuiandika. Ilitakiwa iwe kati ya nyuzi mbili na nane.

Jumatatu aliandika tano. Jumanne kulikuwa na mazoezi ya mpira wa pete, na kocha hakutaka mchelewaji. Chiriku akajiambia, jana ilikuwa tano, leo itabadilika nini? Akaandika tano akiwa amesimama uwanjani. Alhamisi, siku nyingine ya mazoezi, akafanya vilevile. Wiki tatu zilipokwisha, daftari lilikuwa na namba sita ambazo hakuna jicho lililoziona.

Mama alipoziingiza kwenye kompyuta, mstari ulitokea kwenye kioo. "Ona, friji limetulia tuli kama maji mtungini!" Akambusu mwanawe kichwani. "Bila wewe nisingefika hapa."

Mkate ukawa mchanga mdomoni mwa Chiriku.

Tangu hapo namba zilimfuata. Mwalimu wa hesabu alipoandika tano ubaoni, ilionekana kumtazama yeye peke yake. Akipanda ngazi za darasani, mguu ulisita kwenye ngazi ya tano. Alianza kuona watoto wachanga kila mahali, migongoni, madukani, kwenye foleni, na kila mmoja alionekana kumngojea aseme kitu. Yule msemaji akawa bubu. Siku moja mama alimkuta kijiko chake kiko hewani.

"Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Hakuna, mama."

Jumatatu mama alitarajiwa kutetea utafiti wake mbele ya wahadhiri. Ijumaa iliyotangulia, mama mdogo alimwomba Chiriku amsindikize zahanati kumpeleka mtoto wake kuchanjwa. Chiriku alimpakata mtoto. Nesi alifungua jokofu, akachukua chupa ndogo, akaiinua kwenye mwanga. Mtoto alikuwa akicheza na kifungo cha sare ya Chiriku.

"Usimchome!"

Benchi zima liligeuka. Chiriku alimvuta mtoto kifuani. "Nesi, namba zangu nyingine ni za uongo. Sikuja. Sijui kama dawa ni nzima."

Nesi hakufoka. Alimwonyesha alama kwenye chupa, mraba ndani ya duara. "Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Sichomi mtoto bila kutazama hapa. Hii ni nzima." Lakini alirudi kwenye jokofu, akakagua chupa zote moja moja. Katika rafu ya juu alikuta tatu ambazo mraba wake umekolea rangi, karibu sawa na duara. Akazitenga, uso umembadilika.

"Hizi zimepata joto," alisema taratibu. "Sijui lini."

Mama aliitwa, akaja na ovaroli yake ya kazi. Alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Siku zipi?"

"Jumanne na Alhamisi. Zote."

Siku hiyohiyo mama alimwandikia mhadhiri wake ukweli wote. Jibu lilikuja: mama angojee kutetea na kundi lijalo, baada ya miezi sita.

"Ni kwa sababu yangu," Chiriku alilia.

"Ndiyo, ni kwa sababu yako," mama alisema. Hakumung'unya maneno. "Sasa Jumanne tutakwenda wote."

Jumanne walikaa kwenye viti viwili mbele ya jokofu. Tano. Tano. Saa kumi kasorobo, nesi aliwasha mashine ya kuchemshia vifaa chumba cha nyuma, kama alivyofanya kila Jumanne na Alhamisi. Taa ilififia. Jokofu lilishusha pumzi, likanyamaza. Namba ya kipimajoto ikaanza kupanda. Saba. Tisa. Kumi na moja. Mashine ilipozimwa, likaanza tena kunguruma, na kesho yake asubuhi kipimajoto kilisema tano, kana kwamba hakukutokea kitu.

"Friji zima," mama alinong'ona, "na mashine nzima. Vikiwaka pamoja tu, umeme hautoshi." Kabla ya wiki kwisha, fundi umeme alilivutia jokofu waya wake peke yake.

Mama alipata shahada yake, ingawa kwa kuchelewa. Jioni ya siku aliyofaulu, alimketisha Chiriku karibu naye.

"Kosa lako kubwa halikuwa kwenda mpirani," alisema. "Ungeacha pengo daftarini, pengo lile lingeniuliza swali. Ningejiuliza, kwa nini Jumanne na Alhamisi hakuna kitu? Ningekwenda mwenyewe kutazama. Lakini wewe ulilijaza, ukalifunga mdomo. Usichokijua, sema hujui. Hapo mtu mwingine ataweza kukitafuta."

Chiriku aliendelea kusoma kipimajoto kila alasiri, isipokuwa Jumatano moja alipougua homa. Alhamisi alifungua daftari, akaitazama nafasi tupu ya Jumatano. Kisha akaandika ndani yake, kwa mwandiko mkubwa unaosomeka: *Sikufika.*