Usiku wa Mwezi Ulikuwa Wangu

"Hii ni ya nani?"

Gavan ndiyo kwanza alikuwa anavua buti mlangoni, macho mekundu kwa kukesha. Mkewe, Kerrin, alikuwa amenyanyua fulana nyeupe kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya aliyekufa. Fulana ndogo, ya kike, inanukia marashi. Alikuwa ameikuta kwenye gari la mumewe.

"Ya Tamsin," Gavan akajibu, akajimiminia chai.

"Yule wa klabu yenu ya nyota? Anayecheka hata asipochekeshwa?"

"Kez, usianze. Ni ya kazi."

"Kazi gani inayomvua mwanamke fulana?"

"Hakuivua, ilikuwa kwenye begi lake. Kukipambazuka unafunika mdomo wa darubini kwa kitambaa cheupe, unapiga picha ule weupe mtupu. Kompyuta inajua vumbi liko wapi, inalifuta kwenye picha ya nyota. Yangu ililowa umande, akaniazima yake."

"Nimezaliwa jana, eh?"

"Mpigie Merv umuulize."

Akaenda kuoga anapiga mluzi. Kerrin akampigia Merv hapo hapo. Merv ni jirani yao, mzee mjane, naye ni wa klabu hiyo hiyo.

"Mzee Merv, samahani kukuamsha. Hivi ni kweli mnafunika darubini kwa fulana?"

"Wote, binti yangu. Mimi natumia ya marehemu mke wangu, Noreen. Hakuna nyeupe kama ile."

Kerrin akaona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Asante, mzee. Umenitoa wasiwasi."

"Hamna neno. Halafu mwambie Gavan anisamehe, kile kichujio chake cha mwezi bado kiko kwangu. Tangu Julai, aibu kweli. Kesho nitakileta."

Kerrin akakata simu bila kuaga. Akavuta kiti, akakaa.

Sasa elewa kitu kimoja. Ukiolewa na mpiga picha za nyota, unaishi kwa kalenda yake. Nje ya Coonabarabran, mji wetu mdogo wa Australia, giza ni jeusi tii, na usiku wa giza Gavan alikuwa wa nyota, kule kwenye malisho nyuma ya nyumba. Taa ya veranda haikuwahi kuwashwa tangu waoane, isije ikaharibu picha. Usiku wa mwezi mpevu tu ndio alikaa ndani, kwa sababu mwangaza wa mwezi unafunika kila kitu angani. Huo ulikuwa usiku wa Kerrin. Alichoma paja la kondoo, wakafungua mvinyo, wakacheza muziki jikoni bila viatu.

Mpaka Julai, Gavan alipoleta kile kioo kidogo cha kuchuja mwanga. Akasema sasa hata mwezi uwake vipi, nebula, yale mawingu ya gesi huko angani, zinapigika, ila inabidi aende mbali kidogo na gari. Tangu hapo Kerrin alikuwa anakula kondoo peke yake, anakionea wivu kipande cha kioo.

Gavan akatoka bafuni na taulo shingoni.

"Umempigia?"

"Nimempigia. Samahani kwa habari ya fulana." Akamsogezea mkate uliopakwa Vegemite. "Jana ulipiga nini?"

"Nebula ya Heliksi. Mpaka asubuhi."

"Na mwezi ulivyowaka vile?"

"Si nina kichujio."

"Nionyeshe."

"Nimekiacha kwenye darubini."

"Kiko kwa Merv, Gavan. Tangu Julai."

Kijiko kikaacha kukoroga.

"Kez..."

"Usiniite Kez. Usiku wa mwezi mpevu wa Julai wewe ulikuwa wapi?"

Gavan akasukuma kikombe pembeni.

"Agosti? Na jana?"

"Kwa Tamsin." Hakumtazama. "Ilianza kwa mazungumzo tu. Nilitaka kukwambia."

"Ungeniambia lini, mwezi ukipatwa?"

"Haikuwa na maana yoyote."

"Kwangu ilikuwa nayo. Usiku wa giza niliziachia nyota zako, sikunung'unika hata siku moja. Niligongana na kuta za nyumba yangu mwenyewe gizani ili wewe upate picha. Usiku wa mwezi ndio pekee uliokuwa wangu, Gavan. Ukaenda kumpa huo huo?"

Gavan akapiga magoti kwenye vigae, taulo likamdondoka.

"Nitauza darubini. Leo hii."

"Darubini imekukosea nini?"

Gavan akaokota taulo, akainuka. Mchana akapakia vitu vyake na kuondoka, naye Kerrin akamtumia Tamsin ujumbe: "Fulana yako nimeifua, iko kwenye kamba. Ukija kuichukua, mume uliyemchukua usinirudishie."

Tamsin hakuja. Wala hakumpokea Gavan. Alimwambia alimpenda kama mgeni, si kama mpangaji. Gavan akaishia kulala kwenye banda la Merv.

Mwezi ulipokonda na kwisha, jua likazama na giza likashuka, lile lenyewe wanalolipenda watu wa nyota. Kerrin akapanda kwenye kiti, akafunga balbu mpya veranda nzima, akawasha swichi zote. Wadudu wakashangaa. Akaleta meza nje na paja la kondoo.

Simu ikalia, ujumbe wa Gavan: "Kerrin, tafadhali zima taa. Niko malishoni kwa Merv, anga lote limeharibika."

Akausoma mara mbili. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma. Akaandika: "Aliyekuwa anakuzimia taa alikuwa mke wako."

Akageuza simu kifudifudi, akakata kipande cha nyama, akala kwenye mwanga.